Lita Nane kwa Kilo Moja

Wiki iliyopita ofisi ya ushirika ilinitumia mtu. Mwanamke kijana, mpole, anaitwa Retnani. Aliketi kwenye kibao cha jikoni, akatoa simu, akaniuliza kwa nini sukari ya jiko namba arobaini na saba imepungua.

Nikamwambia, "Wartem amefariki."

Akasema pole. Akaitazama simu, kisha akasema, "Mzee, hapa zipo sababu tano tu. Ukame, wadudu, minazi kuzeeka, vifaa vibovu, upungufu wa nguvukazi. Nikubonyezee hiyo ya tano?"

"Usibonyeze."

"Lazima nibonyeze moja, mzee. La sivyo haikubali kuendelea."

"Basi isiendelee."

Akaondoka na simu yake. Atarudi baada ya hitima ya siku ya elfu ya marehemu, ambayo kwa hesabu yetu ya siku tano za soko ni Jumatatu ya Pahing. Nilimwambia atakuta jibu, ila ni refu kidogo. Ndilo hili.

Wartem alizaliwa hapa Karangsemut, ng'ambo ya mto Serayu, siku ya Jumatano ya Wage. Mwaka hakuna aliyeuandika. Mama yake alisema ni ule ambao panya walimaliza mpunga. Bibi yake alikuwa mpika sukari, mama yake vilevile. Nilipomuoa alikuja na karai la chuma na mwiko wa mti wa mfenesi. Karai lilitoboka zamani. Mwiko ninao.

Huku kwetu mwanamume hupanda mnazi na mwanamke hukaa motoni. Mimi nakata karara la ua la mnazi kipande chembamba kama ukucha, nafunga mwanzi chini yake, tembo, ule utomvu mtamu, linadondokea humo. Nakusanya asubuhi, nakusanya jioni. Tembo letu halilevyi mtu, halipewi nafasi ya kufika huko. Linaingia karaini likiwa tamu, linachemshwa mpaka linakuwa zito, linamiminwa kwenye vifuu, linaganda, ndiyo sukari. Likichelewa kukutana na moto linachacha. Lililochacha haligandi hata ulichemshe mpaka Kiyama.

Ili lisichache mapema, mgema hutia chokaa ndani ya mwanzi, pamoja na vijiti vya mfenesi. Chokaa ya ncha ya kidole. Ikizidi hapo, sukari inatoka ya kijivu na ngumu kama kigae. Kila mgema analijua hilo. Mimi nililijua.

Wartem alikuwa mfupi, na sauti yake ilifika mtoni. Aligombana na karai kama mtu anayegombana na ng'ombe. "Panda, mvivu wewe! Nimekupa kuni, nimekupa nafasi, unataka nini tena?" Lakini sukari ikikaribia kuiva alinyamaza. Aliinama, akasikiliza viputo. Mimi nilikuwa sisikii tofauti yoyote. Yeye alisikia. Aliinua mkono, nami nilijua ni wakati wa kushika sikio la pili la karai tuliepue.

Tulizaa watoto wawili. Wote wako Jakarta. Sukari iliwafikisha huko.

Ushirika ulipokuja, kila jiko lilipewa namba na jina la mpikaji. Siyo la mgema. La mpikaji, maana sukari ikiharibika huulizwa yeye. Wartem akawa arobaini na saba. Aliiandika kwa chokaa juu ya mlango wa jiko, akawaita majirani waje kuiona, kana kwamba wao hawakupewa zao.

Masharti yalikuwa mawili. Usichanganye sukari nyeupe ya dukani. Usiuze nje ya ushirika. Ukivunja, jina lako linasomwa mbele ya watu siku ya Ijumaa na namba inafutwa. Mpikaji aliyefutwa namba hapa kijijini hapikiwi chai bila kuangaliwa mikono.

Miaka kumi na miwili iliyopita, katika mwezi wa mvua nyingi, ushirika ulileta kijana wa kupima. Aliitwa Hendarto. Msomi, viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Karangsemut, wakati wa mvua! Alizunguka jiko kwa jiko, akaandika kila kitu: minazi mingapi, tembo lita ngapi, kuni mizigo mingapi, mikono mingapi, sukari kilo ngapi. Kisha akatuita barazani kwa ushirika, akachora ubaoni.

Alichora mstari unaoanzia pembeni chini, unapanda kama mgongo wa kilima, halafu unalegea kadiri unavyokwenda juu. Alisema huku chini ni vitu mnavyotia. Huku ubavuni ni sukari mnayotoa. Na mstari ni sukari nyingi kuliko zote ambayo mtu anaweza kuipata kwa vitu hivyo alivyotia.

"Siyo anayoipata," alisema. "Anayoweza kuipata. Juu ya mstari hayupo mtu, haiwezekani. Chini yake wapo wengi mno."

Akatia vitone, kila jiko na chake. Juu kabisa, kwenye mstari wenyewe, kilikaa kitone cha thelathini na moja, jirani yetu Kaswen. Lita sita za tembo, kilo moja ya sukari. Watu wakapiga makofi. Kaswen akavuta ushungi wake, akatazama chini. Mstari wenyewe ulichorwa kwa kumfuata yeye na wawili watatu walio kama yeye.

Arobaini na saba ilikuwa huko bondeni. Lita nane kwa kilo moja.

Wartem akainua mkono. "Mwanangu, mimi nimeangukia wapi huko?"

Watu wakacheka.

"Hujaanguka, mama," Hendarto akasema. "Ni kwamba unatia vingi, unatoa kidogo. Kuna kitu kinapotea njiani."

"Kinapotea kwenda wapi?"

"Ndicho tunachotafuta. Pengine moto. Pengine, samahani, uzembe kidogo."

"Uzembe." Wartem akawageukia watu. "Mmesikia? Miaka thelathini na minne motoni, leo naitwa mzembe na mtu mwenye soksi!"

Baraza zima likaangua kicheko. Hendarto naye akacheka, masikio yamemwiva.

"Nikuulize tena," Wartem akasema. "Huo mstari ni wa kiangazi au wa mvua?"

"Mstari ni mmoja, mama. Lita ni lita."

"Lita ni lita! Mvua ikipiga wiki mbili mnazi unakunywa maji mpaka unatapika. Tembo linakuwa jingi, jepesi. Lita ya Agosti na lita ya Januari hazijuani hata kwa salamu."

Mwenyekiti wetu, Haji Sobirin, akagonga meza. "Yu Wartem, dada yangu, mwache kijana amalize."

"Amalize tu, Pak Haji. Mimi niko chini huku, sina pa kuwahi."

Njiani kurudi hakusema kitu kuhusu Kaswen. Lakini alijua. Kutoka mlango wetu mpaka wake ni hatua ishirini, na mfuko wa sukari ya dukani ukichomwa una harufu yake. Mume wa Kaswen alikuwa kitandani mwaka wa pili, mgongo umevunjika kwa kuanguka mnazini. Shemeji yake ndiye aliyemgemea, kwa nusu kwa nusu. Nikamuuliza Wartem, kwa nini hukusema?

"Niseme nini, Kang? Kazi yangu ni kupika." Kang ni kaka, ndivyo wake wa huku wanavyowaita waume zao.

Yeye aliudhika, akala, akaendelea na kazi. Mimi ndiye niliyeona aibu. Wagema wenzangu walianza kuniita Bondeni. "Bondeni, vipi, leo unapanda au unashuka?" Hendarto alikuwa ametushauri sisi wa chini tuongeze tembo. Karatasi ilionyesha wazi: tia zaidi, utapata zaidi. Mzee Wasmad alikuwa amehamia kwa mwanawe mjini Bekasi, na minazi yake kumi imesimama bure. Nikaiomba. Kutoka ishirini na mitano nikafika thelathini na mitano.

"Kang," Wartem akaniambia, "jiko hili lina midomo miwili. Wewe unaniletea chakula cha midomo mitatu."

"Mstari unapanda," nikasema.

"Mstari unapanda bila miguu. Wewe unapanda kwa miguu, tena ya miaka hamsini na tisa."

Sikumsikiliza. Minazi ishirini na mitano nilikuwa naimaliza saa tatu asubuhi. Thelathini na mitano niliimaliza saa tano. Tembo la mwisho lilifika lina povu na harufu, na makarai yote mawili yamejaa. Likakaa ndooni likingoja zamu. Siku ya kwanza Wartem alilimwaga nyuma ya jiko.

Basi nikaongeza chokaa. Siyo ncha ya kidole. Kijiko. Nimegema tangu sijaota ndevu, nikatia kijiko cha chokaa kwenye mwanzi kama mtu anayepaka ukuta.

Sukari ikatoka kijivu. Ukiigonga inalia.

"Umetia nini humu?" Wartem akauliza.

"Kesho nitapunguza."

Nikapunguza, likachacha. Nikaongeza, likatoka jiwe. Siku kumi na moja nilihangaika hivyo. Kwa minazi ile yote hapakuwa na kipimo cha katikati. Na ubaya ni kwamba tembo baya tulilichanganya na zuri kwenye karai moja, kwa hiyo hata la minazi yangu ya zamani likaharibika nalo. Ile iliyofaa, Wartem aliipeleka ushirika. Ya kijivu alinipa niwape mbuzi. Mbuzi wakainusa, wakanitazama. Nikaitia guniani, nikaificha nyuma ya zizi. Siku ya kumi na mbili goti likakataa, nikarudi kwenye minazi yangu.

Lakini kitabu kilikuwa kimeshaandikwa. Kila asubuhi nilichora vijiti vyangu vya lita, kama tulivyofundishwa, nami sikuchora uongo. Lita hamsini na tano kwa siku. Sukari iliyofika ushirika, kilo nne. Kwa mstari wa Hendarto zilitakiwa tisa.

Haji Sobirin alikuja nyumbani Jumanne. Akanywa chai yote kabla ya kusema.

"Yu, kuna maneno."

"Maneno yapo siku zote, Pak Haji. Yalete."

"Karatasi inasema tembo limeingia jikoni kwako, sukari haikutoka. Watu wanauliza imetokea mlango gani."

"Watu gani?"

"Yu, usinifanye niseme. Kuna mchuuzi anapita na pikipiki. Kijana Hendarto hajasema umeiba. Amesema haioni."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa jina litasomwa. Mimi mwenyewe sipendi."

Wartem alinitazama. Nilikuwa nimekaa pale pale, goti limefungwa kitambaa. Neno moja tu lingemtoa: mume wangu ameharibu. Nilingoja alitamke. Angekuwa na haki.

Akamgeukia Haji. "Hamtasoma jina langu kwa sababu ya picha ya kilima. Kabla ya kusoma, tupike. Uwanjani, mchana, watu wote wakiona. Tembo limwagwe pipa moja, la mgema yeyote, kisha ligawanywe sawasawa kwa mafungu matatu. Nipike mimi. Apike Yu Kaswen, maana ndiye wa juu. Tuone lita ngapi zinazaa kilo."

"Na fungu la tatu apike nani?"

"Mwenye mstari."

Alhamisi uwanja wa ushirika ulijaa. Mvua ilikuwa imetupumzisha. Mafiga matatu, makarai matatu, kuni za rundo moja. Wagema kumi na wawili walimimina tembo lao pipani, likakorogwa, kila karai likapimiwa lita ishirini na nne. Hendarto alikuja na suruali ameikunja. Viatu alikuwa ameviacha.

Kaswen alifika wa mwisho. Hakuwa na kikapu wala mfuko, mwiko tu. Aliwasha moto bila kumwangalia mtu, nikatazama kando.

Mwanzoni watu walifurahi sana. Walimzunguka Hendarto. "Koroga, Pak! Hiyo siyo kalamu!" "Kuni, Pak, kuni! Au mstari wako unapikia jua?" Alikuwa na masizi puani, macho yanamtoka machozi kwa moshi, anakohoa. Mara povu likapanda. Tembo likichemka hupanda kama maziwa, na likimwagika limekwenda. Akapiga kelele, akarudi nyuma. Wartem aliondoka kwenye karai lake, akachota nazi iliyokunwa kwa vidole vitatu, akaitupa kwenye karai la Hendarto. Povu likaanguka.

"Hii nazi umeiandika kwenye karatasi yako?" akamuuliza.

"Hapana, mama."

"Basi iandike. Na hayo machozi yako yaandike."

Kufika adhuhuri kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu walisogea, kama tunavyosogea sukari inapokaribia kuiva. Wartem aliinama, akasikiliza. Akainua mkono. Nikaenda na goti langu, nikashika sikio la pili. Kaswen akaepua muda mfupi baadaye. Hendarto alingoja kidogo, akaona bado, akangoja tena. Alipoepua nusu ilikuwa imeshika chini nyeusi kama lami.

Tuliswali, tukarudi, sukari imeganda. Haji Sobirin mwenyewe ndiye aliyepima.

Wartem, kilo tatu.

Kaswen, kilo tatu kasoro kidogo.

Hendarto, kilo moja na masizi.

"Kwa karatasi," Hendarto akasema polepole, "zilitakiwa nne."

Lita nane kwa kilo moja. Mpikaji bora wa kijiji, kuni kavu, tembo jema, macho ya watu wote, na haikuzidi hapo. Hendarto hakuwa mjinga. Nilimwona anang'amua. Aligeuza kichwa taratibu, akamtazama Kaswen, yule wa lita sita. Kaswen alikuwa ameukazia macho mwiko wake. Uso ulikuwa umepoa kama wa maiti.

"Usimtazame jirani yangu," Wartem akasema. Sauti yake ilifika mtoni. "Itazame karatasi yako. Uliandika kila ulichokiona, halafu ukadhani umeona kila kilichotiwa. Ulimchukua aliye juu ukasema hapo ndipo wote tunapoweza kufika. Hukuuliza amefikaje. Mstari ni wako, mwanangu. Ukausahihishe mwenyewe."

Hendarto akainamisha kichwa. "Ni kweli, mama."

Watu walianza kunyanyuka. Mimi nilidhani yamekwisha. Lakini Haji Sobirin alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti hapendi jambo libaki wazi.

"Yu Wartem, samahani. Hata kwa lita nane, kila siku katika zile kumi na moja zilitakiwa karibu kilo saba. Zilifika nne. Watu watauliza."

"Iliharibika," Wartem akasema.

"Kwa mkono wa nani?"

"Jina lililoandikwa ni la nani, Pak Haji? Ni langu. Iliharibika jikoni kwangu."

Akasimama hivyo, mwiko mkononi, mdomo ameubana, mbele ya kijiji kizima. Mwanamke ambaye hakuwahi kuunguza karai tangu azaliwe. Alikuwa tayari waondoke na hilo.

Nikasema, "Nisubirini."

Nilikwenda nyumbani nikichechemea. Nikalitoa gunia nyuma ya zizi. Lilikuwa zito, nikaliburuta barabara nzima, watu wa pembezoni wananitazama. Nilipofika uwanjani nikalipindua. Vipande vya kijivu vikamwagika mbele ya Haji Sobirin, vikalia kama vigae.

"Chokaa," nikasema. "Kijiko. Nilitia mimi. Niliongeza minazi kumi ili nipande kwenye mstari wa huyu kijana. Wartem alinikataza. Ipimeni."

Wakapima. Kilo ishirini na tatu. Nikawaambia nyingine ilichacha ikamwagwa, waende nyuma ya jiko langu, sisimizi bado wako hapo.

Mgema mmoja akasema, "Bondeni, hii si sukari, hii ni nyumba!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walicheka kwa miezi. Mpaka leo nikipita wapo wanaouliza kama nina mawe ya msingi. Waulize tu.

Wartem hakucheka. Nyumbani alinipikia chai, akaiweka mbele yangu kwa kishindo.

"Nani alikutuma? Nilikuwa nimemaliza."

"Ulikuwa umesema uongo."

"Nilisema iliharibika jikoni kwangu. Uongo uko wapi hapo?" Akakaa. "Mgema mzima kujianika hivyo mbele ya watu. Sasa watakuita nani?"

"Waniite wanavyotaka. Wewe ni arobaini na saba."

Akanisogezea kikombe. Akasema, "Kunywa chai, jinga wewe." Ilikuwa na sukari nyingi kuliko kawaida.

Ijumaa halikusomwa jina la mtu. Hendarto alifuta ubao, akachora mstari mwingine, wa chini kidogo, kisha wa pili chini yake wa wakati wa mvua. Alikaa kwetu miaka minne baada ya hapo. Kila msimu ulipobadilika alikuja kuketi kwenye kibao hiki na kumuuliza Wartem ameandika sawa au amesahau kitu. Alikuwa amesahau kila mara. Wartem alifurahi sana kumwambia. Mwezi mmoja baada ya siku ile ya uwanjani, kitone cha Kaswen kilishuka mpaka lita nane, na hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyepiga makofi pia. Kila Idi Kaswen alituletea sahani ya mendoan, tempe ile ya soya ya kukaangwa nusu, ya moto. Aliiweka mlangoni, akaondoka.

Kuna kitu kimoja ambacho hata Hendarto hakukiandika, wala Wartem hakumwambia. Kuni waliziandika, mizigo kwa mizigo. Moshi hawakuuandika. Miaka arobaini na tatu Wartem alikaa mbele ya midomo ile miwili na akauvuta. Alianza kukohoa mwaka ambao mvua ilichelewa. Daktari wa mjini alimuuliza kama anavuta sigara. Wartem alicheka mpaka akakosa pumzi, mpaka daktari akaogopa. "Mimi nimevuta minazi mizima, daktari," akamwambia.

Alifariki asubuhi, mimi nikiwa mnazi wa saba. Kaswen ndiye aliyenipigia ukelele kutoka chini. Kaswen ndiye wa kwanza kushika maji ya kumwosha.

Siku hiyo tembo lilichacha lote. Sikulipika.

Sasa ninagema minazi kumi na mmoja. Lita kumi na mbili. Ninapika mwenyewe, mwanamume motoni, watoto wa jirani wanachungulia wanacheka. Kilo moja na nusu, haizidi. Siwezi kusikia viputo, kwa hiyo nadondosha tone kwenye maji baridi, likigonga kikombe naepua. Kuepua peke yangu ni kazi. Niliunguza mkono mara mbili. Lakini inaganda.

Bibi Retnani, ulisema jiko hili limelala. Makarai mawili, moja halitumiki. Minazi kumi na minne imesimama bila mgema. Ulisema namba hii ingefaa apewe mtu mwenye nguvu, mimi niandikwe chini yake kama msaidizi. Ulisema kwa upole. Na ulitaka kubonyeza kwamba hapa kumepungua nguvukazi.

Nguvukazi ikipungua mnaleta nyingine. Ndivyo ninavyoielewa. Mikono miwili imetoka, mikono miwili inaingia, mstari unaendelea. Basi leteni. Leteni mtu anayesikia karai. Leteni mtu atakayesimama mbele ya kijiji akachukua kosa lisilo lake, halafu arudi nyumbani anitukane na anipikie chai. Mkimpata, nitatia sahihi siku hiyo hiyo, na namba mtamwandikia.

Asubuhi ya leo nilipeleka sukari ushirika. Karani mpya akafungua daftari, akauliza aandike jina gani. Nikasema arobaini na saba, Wartem. Akasema, "Lakini mzee, si alishafariki?" Nikasema andika. Nyuma yangu palikuwa na foleni ya wapikaji, na Kaswen alikuwemo, mzee sasa kama mimi. Akasema kwa sauti, "We kijana, hukusikia? Andika Wartem!" Wengine wakadakia. Karani akaandika.

Namba iko juu ya mlango. Nimeipaka chokaa upya, kwa kidole. Siku ya elfu tutaweka jiwe lake kaburini, na keki za mchele za hitima zitapikwa kwa sukari ya jiko hili.

Kwa hiyo rudi, karibu, chai ipo. Sababu ni ile ile niliyokwambia. Simu ikikataa kuendelea, izime. Mimi nina karai motoni.